Stelingi wa Nicolaescu na Aliyemlipia Farasi

Kuna ubishi ambao Waromania hawajaumaliza mpaka leo, na sisi tunaolalamika kila wiki juu ya redio ya serikali na kwaya za chama dola tuna kila sababu ya kuutegea sikio. Ubishi wenyewe unamhusu Sergiu Nicolaescu, mwongozaji wa filamu aliyefariki Bucharest Januari 3, 2013, akiwa na umri wa miaka 82. Upande mmoja unasema huyu ndiye aliyewapa Waromania mashujaa wao. Upande wa pili unasema huyu ndiye aliyemvalisha dikteta joho la mashujaa hao. Mimi nasema pande zote mbili zina ukweli, na hapo ndipo penye kazi.

Tuanze na umaarufu, maana umaarufu wa huyu bwana haukuwa wa kupikwa. Filamu yake ya kwanza ndefu, Dacii, ilitoka mwaka 1967. Inawahusu Wadacia, watu wa kale wa nchi ile, na mfalme wao Decebal aliyepambana na majeshi ya Roma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikafuata Mihai Viteazul, yaani Mihai Shujaa. Kila moja kati ya hizo mbili iliuza tiketi zaidi ya milioni 13 ndani ya Romania peke yake. Mwaka 1979 akatoa kichekesho, Nea Mărin miliardar, cha mzee wa shamba anayefananishwa na bilionea wa Kimarekani. Hicho kikapita tiketi milioni 14. Nchi nzima wakati huo ilikuwa na watu milioni 20 na ushei, watoto wachanga na vikongwe wakiwemo. Piga hesabu mwenyewe. Hata ukitoa walioirudia picha mara nne, na wanafunzi waliopelekwa na walimu wao kwa foleni, bado unabaki na taifa zima lililokaa gizani likimtazama mtu mmoja akichomoa upanga.

Na mtu huyo mara nyingi alikuwa na sura ile ile. Mwigizaji Amza Pellea alikuwa Decebal katika Dacii, akawa Mihai katika Mihai Viteazul, akawa tena yule mzee wa shamba katika kichekesho. Mfalme wa kale, mtawala wa karne ya 16 na mkulima mcheshi, wote uso mmoja! Mtu aliyekuwa anaangalia sinema miaka hiyo hakuhitaji profesa wa kumweleza kwamba hao watatu ni damu moja.

Nicolaescu mwenyewe hakutoka shule ya sinema. Alizaliwa Târgu Jiu mwaka 1930, akasomea uhandisi Bucharest, halafu akaingia kwenye filamu kupitia mlango wa kamera. Alianza na filamu fupi fupi. Moja ya mwaka 1963, Memoria trandafirului, inahusu ua la waridi. Ukitazama kazi zake za baadaye unaona uhandisi huo haukupotea bure. Ni mtu aliyejua farasi mia tano wanapita wapi, baruti inalipuka saa ngapi na kamera ijifiche nyuma ya kilima kipi. Wazungu wa Magharibi waliligundua hilo mapema. Dacii ilitengenezwa kwa ubia na Wafaransa, akiwemo Pierre Brice, ambaye vijana wa Ujerumani walikuwa wakimlilia kwa uigizaji wake wa Mhindi Mwekundu. Mwaka 1968 Robert Siodmak alipokwenda Romania kutengeneza filamu kubwa ya kuanguka kwa Roma, Orson Welles akiwa miongoni mwa waigizaji, Nicolaescu alikuwemo katika uongozaji. Kwa serikali ya Bucharest hiyo ilikuwa biashara safi: wageni wanaleta fedha za kigeni, wao wanatoa mabonde, farasi na askari.

Lakini vijana hasa walimpenda alipojiweka mwenyewe mbele ya kamera. Katika Mihai Viteazul alijipa nafasi ya Selim Pasha wa Kituruki. Mwaka 1972 akatoa Cu mâinile curate, picha ya mapolisi na majambazi wa Bucharest mara baada ya vita, na humo akacheza kamishna Miclovan: kofia, koti refu, bastola, maneno machache. Miclovan haogopi mkubwa, haombi kibali, na anakufa. Sasa nyote mnajua sheria ya sinema, kwamba stelingi hafi. Watazamaji hawakukubali. Mwaka 1974 kamishna akarudi kwa jina jipya, Moldovan, katika Un comisar acuză, akaendelea katika Revanșa ya 1978 na Duelul ya 1981. Yaani mtu yule yule, koti lile lile, kaburi limefutwa. Hata mwaka 2008, Nicolaescu akiwa na miaka 78, bado alimtoa Moldovan tena katika Supraviețuitorul. Mzee wa miaka 78 na bastola mkononi! Ucheke ukitaka, lakini uulize kwanza ni waongozaji wangapi duniani wamebebwa na mhusika mmoja kwa miaka zaidi ya thelathini.

Hapo nimesifu. Sasa tuingie jikoni.

Wale maelfu ya askari unaowaona wakishuka bondeni katika Mihai Viteazul ni jeshi la Romania lenyewe, limevalishwa nguo za karne ya 16. Hakuna mfanyabiashara angeweza kukodi jeshi. Hakukuwa na studio binafsi wala mfadhili binafsi; kulikuwa na studio za dola huko Buftea, na kulikuwa na chama kimoja. Aliyelipia farasi, upanga, shayiri ya farasi na posho ya askari ni yule yule aliyekuwa anaamua nani aende jela. Na mlipaji huyo alikuwa na shida yake maalumu. Agosti 21, 1968 Nicolae Ceaușescu alisimama kwenye roshani Bucharest akalaani majeshi ya Kisovieti na washirika wake kuivamia Chekoslovakia. Watu walimshangilia kwa dhati siku ile, tusidanganyane. Baada ya hapo akahitaji hadithi ya nchi ndogo iliyobanwa na madola makubwa na haipigi magoti. Mihai Viteazul ndiyo hiyo: mtawala mmoja, Waturuki upande huu, mfalme wa Austria upande ule, Poland kwa juu, na mtu anasimama katikati.

Kisha Julai 1971, akiwa ametoka China na Korea Kaskazini, Ceaușescu akatangaza msimamo mpya kwamba sanaa yote ifuate maelekezo ya chama. Mwaka 1974 akaapishwa kuwa rais wa nchi ya kijamaa huku ameshika fimbo ya kifalme mkononi. Fimbo ya kifalme, ndugu msomaji! Mchoraji Salvador Dalí akampelekea simu ya maandishi ya kumpongeza kwa fimbo hiyo kwa kejeli, na gazeti la chama likaichapisha kama pongezi kweli. Unadhani mtu anatoa wapi ujasiri wa kushika fimbo ya namna hiyo mbele ya watu milioni 20 bila kuzomewa? Hautoki hewani. Watu walikuwa wameshazoea kumtazama mtu mmoja aliyeshika kitu kinachong'aa na kuamini kwamba yeye ndiye nchi.

Mniruhusu nikae kidogo kwa huyu Mihai, maana hapa ndipo utamu wa sinema unapoficha mwiba. Mihai wa kweli alikuwa mtawala wa Wallachia. Aliwapiga Waturuki Călugăreni mwaka 1595, akatwaa Transylvania na Moldavia, na mwaka 1600 akawa anatawala maeneo yote matatu kwa wakati mmoja. Muungano huo ulidumu miezi, siyo miaka. Agosti 1601 akauawa na watu wa jenerali Basta, ambaye alikuwa upande wake siku chache tu kabla. Wanahistoria wengi wanatuambia kwamba wazo la taifa moja la Waromania ni la karne ya 19, na ni waandishi wa karne hiyo waliomgeuza Mihai kuwa baba wa muungano. Na kuna jambo lingine. Katika enzi ya Mihai huyu huyu ilitolewa amri iliyomfunga mkulima kwenye shamba la bwana alipokutwa, asihame, asitoroke. Mlalahoi wa Wallachia alikuwa na sababu ya kumkumbuka Mihai kwa namna ambayo haipigiwi tarumbeta. Nikiambiwa kwamba sinema si darasa la historia, nakubali. Lakini basi isipelekewe wanafunzi kwa foleni kana kwamba ni darasa.

Kuna mwongozaji mwingine ambaye jina lake lazima liwekwe mezani, Lucian Pintilie. Mwaka 1968 alipiga filamu Reconstituirea. Haina farasi wala upanga. Vijana wawili waliopigana wakiwa wamelewa wanalazimishwa na wakubwa kurudia ugomvi wao mbele ya kamera, ili iwe filamu ya kuonya wenzao, na mchezo huo wa kuigiza unaishia kwenye kifo. Ilionyeshwa kwa muda mfupi mwaka 1970 ikaondolewa. Filamu yake nyingine, ya mwaka 1981, ilikaa kabatini mpaka dikteta alipoanguka. Pintilie akafanya kazi nje ya nchi. Wanaomtetea Nicolaescu husema kila mtu alikula fedha ya dola, hata Pintilie. Kweli kabisa, Reconstituirea nayo ililipiwa na dola. Ila tazama tofauti. Mmoja alipewa fedha akauliza swali, akafungiwa. Mwingine alipewa fedha akatoa jibu ambalo mkubwa alikuwa analitaka, akaongezewa kikosi cha wapanda farasi.

Miaka ya 1980 ikaja, na hapo majumba ya sinema hayakuweza tena kushindana na matumbo. Ceaușescu aliamua kulipa deni lote la nje, lililokuwa linakaribia dola bilioni 10, kwa kuuza nje chakula ambacho watu wake wangekula. Mkate na mafuta kwa mgao, umeme unakatwa, vyumba vya baridi, televisheni saa mbili kwa siku na nusu yake ni uso wa Mzee. Vijana wakahamia kwenye kanda za magendo. Mwanamke mmoja, Irina Nistor, alizitafsiri filamu za Magharibi kwa maelfu kwa sauti yake peke yake, anacheza wanaume, wanawake na watoto, na watu wakijazana sebuleni kwa siri. Ninyi mliokulia kwenye mabanda ya video mnaujua utamu wa sauti moja inayocheza watu ishirini. Wakati huo Nicolaescu aliendelea na vita vyake: Noi, cei din linia întâi ya 1986, kuhusu askari wa Kiromania katika vita kuu ya pili, na Mircea ya 1989, mtawala mwingine wa kale, yeye mwenyewe akiwa mfalme.

Mircea ilitoka mwaka ule ule mlipaji alipoanguka. Desemba 1989 Timișoara iliwaka, Desemba 21 Ceaușescu akazomewa katikati ya hotuba yake Bucharest, kesho yake akakimbia kwa helikopta, Desemba 25 akapigwa risasi na mkewe huko Târgoviște. Huyu ni mtu aliyezunguka Afrika mwaka 1972 na Tanzania alifika, akapokewa kwa heshima zote. Huku Bara hatukuwa hata na televisheni ya kumwona akianguka. Habari zilikuja kwa redio. Lakini zilifika, na Februari 1990 Mwalimu Nyerere aliposema kuujadili mfumo wa vyama vingi si dhambi, Ulaya ya Mashariki ilikuwa akilini mwa kila aliyemsikiliza.

Sasa nani alionekana kwenye kituo cha televisheni cha Bucharest katika saa zile za kwanza za mapinduzi, miongoni mwa washairi, waigizaji na wanajeshi? Sergiu Nicolaescu. Sisemi alijipenyeza. Uso wake watu waliuamini. Kamishna Moldovan amekuja, basi mambo yamenyooka! Baadaye akaingia Seneti na kukaa humo karibu miaka ishirini, mpaka 2012, sehemu kubwa akiwa upande wa chama cha Ion Iliescu, kigogo wa zamani wa chama kile kile cha kikomunisti aliyegeuka kuwa rais wa mapinduzi. Katika Desemba ile walikufa watu zaidi ya 1,000, na wengi wao waliuawa baada ya Ceaușescu kukimbia, yaani wakati nchi iko tayari mikononi mwa wakubwa wapya. Nani aliwapiga risasi? Seneti ikaunda tume kuchunguza. Na kwa muda tume hiyo iliongozwa na nani? Na huyo huyo Nicolaescu, mtu aliyekuwa mmoja wa wahusika wa siku zile. Wafiwa walitaka hakimu, wakapewa mwongozaji wa picha.

Kama mambo yangeishia hapo, ningesema ni bahati ya watu maarufu, wanaangukia miguu kama paka. Lakini mwaka 1993 akatengeneza Oglinda, na hiyo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Hapa hakuna tena kisingizio. Ceaușescu yuko kaburini, mkaguzi wa filamu hayupo, hakuna wa kumlazimisha. Naye anamchagua nani awe mtu wa msiba wa taifa? Marshali Ion Antonescu, mtawala wa Romania wakati wa vita, mshirika wa Hitler, aliyepinduliwa Agosti 23, 1944 na kupigwa risasi mwaka 1946. Katika filamu, Antonescu anatoka kama mzalendo aliyesalitiwa na wanasiasa na wageni. Tume ya kimataifa iliyoongozwa na Elie Wiesel ilitoa ripoti yake mwaka 2004: Wayahudi kati ya 280,000 na 380,000 walikufa katika Romania na maeneo yaliyokuwa chini ya utawala wake katika vita hivyo. Na hao ni Wayahudi tu, bado hujawataja Waroma waliopelekwa ng'ambo ya mto Dniester kufa kwa njaa na baridi. Huwezi kuwapitia watu hao kwa mbio ili uwahi machozi ya marshali.

Ajabu ni kwamba Nicolaescu huyu huyu, katika Un comisar acuză, aliwaonyesha wafashisti wa Kiromania kama wauaji, akichota kwenye mauaji ya wafungwa wa Jilava ya Novemba 1940. Kwa hiyo hakuwa mtu asiyejua. Kilichotokea, kwa maoni yangu, ni kwamba kalibu ilibaki ile ile. Mtu mmoja mwenye nguvu, amezungukwa na madola, anasalitiwa na wadogo wake, anakufa amesimama. Ukilimwaga kwenye kalibu hiyo jina la Decebal, linatoka shujaa. Ukimwaga la Mihai, linatoka shujaa. Ukimwaga la Antonescu, nalo linatoka shujaa, damu imeoshwa. Aliyemlipia farasi miaka ya nyuma alikuwa ameshakufa, lakini farasi alikuwa ameshaizoea njia ya kurudi zizini.

Najua nitajibiwa. Wapo watakaosema kwamba wale wale walioshangilia Mihai Viteazul ndio waliomzomea Ceaușescu Desemba 1989, na pengine ujasiri wa kusimama mbele ya kifaru waliuchota kwa Decebal na kwa kamishna wa koti refu. Hoja hiyo ina uzito na siidharau. Mtazamaji si mtungi wa kumiminiwa. Kijana anaweza kuingia kwenye jumba la sinema la serikali, akala karanga za serikali, akatoka na wazo ambalo serikali haikulitia kwenye bajeti. Ndiyo maana siwacheki Waromania wanaokaa mpaka leo mbele ya televisheni kumwangalia Mihai akiingia Alba Iulia. Nami ningekaa. Zile ni picha zilizopigwa na mtu anayejua kazi yake.

Lakini waongozaji vijana wa Romania walikataa kurithi kalibu. Cristi Puiu mwaka 2005 alimfuata mzee mgonjwa anayezungushwa usiku kucha kutoka hospitali hadi hospitali. Cristian Mungiu mwaka 2007 alichukua zawadi kuu ya Cannes kwa hadithi ya wasichana wawili wanaotafuta kutoa mimba chini ya sheria ya Ceaușescu ya 1966. Na Radu Jude, mwaka 2018, akatengeneza filamu juu ya mauaji ya Wayahudi wa Odessa yaliyofanywa na jeshi la Romania mwaka 1941, na ndani yake akaingiza kipande cha Oglinda chenyewe, watazamaji wakione na kukipima. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuza tiketi milioni 13. Majumba mengi ya sinema ya nchi ile yalikuwa yamekwisha kufungwa.

Nicolaescu alipofariki, mwili wake ulichomwa kama alivyoagiza, katika nchi ambayo Kanisa la Kiorthodoksi halimsomei ibada mtu anayechomwa. Umati ulikwenda na kulalamika kwamba umenyimwa nafasi ya kumwaga shujaa wake. Filamu yake ya mwisho ilikuwa imetoka mwaka 2012, akiwa bado seneta, ni kichekesho na haikuvuma kama zile za zamani. Jina lake ni Ultimul corupt din România, yaani Mla Rushwa wa Mwisho wa Romania.